Mdomo Wangu Umesema Ndiyo

Wodi ya Wanaume,
Kitanda cha Tisa,
Jumatatu, 4 Machi.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanakusumbua bado? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mimi nipo hai, ndiyo habari yangu kubwa. Nivumilie mwandiko, mkono wa kulia umelala, huu ni wa kushoto.

Nilikuwa kibandani napiga pasi kola, mara kifua kikachanika kwa maumivu hadi mgongoni. Daktari alimweleza wifi yako kwamba mshipa mkubwa unaotoka moyoni umeraruka kwa ndani. Yaani bitana imeachana na koti. Wakanipasua saa ileile, wakanitia kipande cha bomba la kitambaa. Miaka thelathini nawashonea watu, safari hii nimeshonwa mimi, na sikuulizwa hata rangi.

Moyo unadunda vizuri, lakini kichwa kilikosa damu kwa muda. Akili yangu ni nzima, dada. Kilichoharibika ni mdomo. Nimebakiwa na maneno mawili, ndiyo na hapana, nayo yamebadilishana nafasi. Nikitaka hili, linatoka lile, na kichwa kinatikisika kuufuata mdomo. Nimefungiwa humu ndani, na anayeitikia hodi ni mwongo.

Juzi mwanangu mkubwa aliniinamia akaniuliza, "Baba, tuuze cherehani upumzike?"

Nilitaka kukataa kwa nguvu zangu zote. Nikasema, "Ndiyo."

Akalia, akanishukuru. Mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi. Nikawaandikia HAPANA kwenye karatasi, wakaitazama kwa huruma, wakasema daktari alishaonya kuwa nitachanganya maneno, wakaondoka na kalamu nisijichoshe. Nikikasirika, wananiongezea mto.

Naogopa, dada. Bila ile cherehani mimi ni mgonjwa tu. Miguu ya kukanyagia ninayo, na huu mkono wa kushoto unafundishika, kama unavyoona.

Muuguzi wa asubuhi amenipa kalamu yake, na amekubali kuipeleka barua hii posta. Njoo kabla mwezi haujaisha. Wewe ndiye mkubwa wetu, ukisema watakusikiliza.

Nisalimie shemeji na mapacha wako, na Mungu akulindie njia.

Ukifika, wataniuliza mbele yako kama kweli ni mimi niliyekuita. Nitajibu hapana.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi