Maneno Mawili ya Kifungu cha Nne

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya arobaini ya ndoa. Nimemkaangia Baraka mayai, akala huku akiimba. Mume wangu! Naliandika neno hilo polepole ili lidumu. Kisha nikaenda kazini, jengo la maduka la Tianxiu, kuandika majina kwenye maboksi ya mizigo ya nyumbani. Yeye akabaki na barua yake. Chuo cha kilimo cha nyumbani kinachomlipia masomo ya mpunga hapa Guangzhou bado kinapewa fedha kwa sheria ya kikoloni. Kifungu cha nne kinakiita "chuo cha kilimo (wenyeji weusi)". Mpaka leo! Sasa kamati huko nyumbani inairekebisha sheria hiyo, na Baraka ndiye anayeandika maoni ya wanafunzi. Najivunia mpaka natia aibu.

Jumanne, 4 Machi
Barua imeshatumwa. Nimeisoma. "Kifungu cha nne kifutwe chote." Nikafungua sheria yenyewe. Fedha za chuo zimo kwenye kifungu hicho hicho. Nikamwambia. Akacheka. "Mke wangu, hiyo ni aibu waliyopakwa babu zetu. Ing'olewe na mizizi."
Na ada yako?
Akanipa mgongo.
Kikifutwa chote, anarudi nyumbani kabla mpunga wake haujaiva. Mimi mkataba unanifunga hapa. Ugomvi wetu wa kwanza. Hata akinuna ni mzuri. Inauma.

Jumatano, 5 Machi
Akili haipo. Nimeandika MWANZA kwenye boksi la mteja wetu, Mama Neema wa Mbeya. Limeshafungwa. Nikashika kisu nilipasue. Mama Neema akanidaka mkono. "We bi harusi! Baya ni jina, jinzi zangu zimekukosea nini? Paka rangi, andika juu yake."
Nikasimama na brashi kama mjinga. Kisha nikampigia Baraka. Alikuja mbio. Nikamwonyesha boksi: MBEYA juu ya rangi mbichi, jinzi salama ndani. Aliliangalia sana.
"Kamati inakaa kesho," akasema.

Alhamisi, 6 Machi
Ameandika upya: yafutwe maneno mawili tu, fedha zibaki. Katibu wa kamati hapokei simu. Mara tano. Mara sita. Mikono ya Baraka baridi, nimeishika yote miwili. Saa tisa alasiri, kwao saa nne asubuhi, katibu akapokea. Kikao kimeshaanza. Ataiingiza barua mpya kikaoni, haahidi kitu.
Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Jibu limekuja mchana. Maneno mawili yamekatwa. Sasa ni "chuo cha kilimo", basi. Fedha zimebaki.
Baraka ameenda kuutazama mpunga wake. Mezani kaacha nakala ya kifungu cha nne, maneno yale mawili ameyapaka wino mweusi. Pembeni kaandika: Asante, karani wangu.
Nimeosha vikombe viwili, changu na chake.