Mgeni Asiyekunywa Kahawa

Mpendwa Mshauri Saimi,

Naomba msaada, tena wa haraka, maana gazeti lenu hutoka Jumanne na jambo langu linaamuliwa Alhamisi. Majina nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mmoja, naendesha gari la maktaba katika vijiji vya huku Savo, Finland, sina mke, pombe nakunywa kwa kiasi, na kwa miaka mingi nimekuwa msimamizi wa kikundi cha mtandaoni cha watu wanaoandika mashairi bila kulipwa na, kusema kweli, bila kuombwa.

Tuna kanuni mbili. Ya kwanza, kabla hujaweka shairi lako usome la mwenzako na umwambie neno jema. Ya pili, ni marufuku kuuliza kama yaliyomo kwenye shairi ni ya kweli. Hii ya pili niliiandika mimi, kwa sababu mwanzoni kulikuwa na bwana mmoja aliyeandika kuhusu mke aliyemtoroka, watu wakaanza kumuuliza ametoroka na nani, na jibu lilikuwa humo humo kikundini, siku hiyo hakuna aliyesoma shairi.

Sasa yumo mama mmoja nitakayemwita Tuovi, mjane, alikuwa fundi cherehani, anaishi peke yake kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu kama barabara haina barafu. Tangu ajiunge, Tuovi ameandika kuhusu mti wa mbetula, ule wenye gome jeupe. Sisemi miti, nasema mti, ule ule mmoja nje ya dirisha lake, ukichipua, ukipukutika, ukifunikwa, na kila mstari una kina chake mwishoni kama kifungo kwenye koti:

*Mbetula wangu mweupe, wasimama peke yako,*
*theluji ikishukia, yafunika jani lako.*

Wakati wa theluji mbetula hauna jani hata moja, lakini kina kilikuwa na haja nalo. Mashairi hayo yalikuwa yakipata mioyo mitatu: mmoja wangu kwa sababu mimi ni msimamizi, mmoja wa binamu yake, na mmoja wa bwana fulani ambaye humpa kila mtu moyo, hata matangazo.

Basi majira ya majani kupukutika yaliyopita, bila onyo, Tuovi akaweka hili:

*Mkono wa kushoto ni mgeni.*
*Nimemwandalia kahawa.*
*Hanywi.*

Mshauri, nilikuwa nimeegesha gari la maktaba nje ya duka la kijiji nikisubiri wasomaji wawili, nikalisoma, nikashuka nikasimama kwenye baridi bila kofia. Mioyo ikamiminika hadi jioni. Baada ya wiki likaja la mtu aliyevaa koti lake akaingia sauna, chumba cha kuoga kwa mvuke, asitoke, na msemaji akamwachia maji, kisha la asubuhi iliyokuja mara mbili na ile ya pili ikawa haimjui, na watu ambao hatukuwahi kuwaona wakaanza kujiunga kutoka miji ya Turku na Helsinki kwa ajili yake tu. Mwalimu mmoja mstaafu, nitamwita Ilpo, ambaye hasifu mtu asipojisifu kwanza, aliandika kwamba Tuovi hatimaye amevunja minyororo, na mimi nikaandika chini yake: usirudi nyuma, dada, endelea huko huko.

Mtu mmoja tu aliuliza. Yupo mwanamama, mwite Raila, anayeandika kuhusu mbwa wake, mashairi ambayo hata mbwa angeomba radhi, naye aliandika chini ya lile la koti: "Tuovi, uko mzima?" Nilimfutia. Nikamtumia ujumbe wa upole kumkumbusha kanuni ya pili, kwamba anayesema ndani ya shairi si lazima awe aliyeliandika. Raila akajibu kwamba anaelewa, ila alikuwa anauliza tu.

Mwisho wa mwaka kikundi kilipiga kura na Tuovi akashinda kwa mbali, nasi mshindi tunampa kikombe cha mbao, na kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu nikapeleka mwenyewe, na maandazi ya iliki ya kunywea kahawa. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Alinifungulia akicheka, mwanamke mdogo wa umbo, nadhifu upande mmoja. Ule upande mwingine sweta lilikuwa limening'inia, mkono haumo. Akaniketisha, akamimina kahawa vikombe vitatu, kimoja changu, kimoja chake, na cha tatu akakiweka kando ya mkono wake wa kushoto uliolala mezani kama glavu iliyosahauliwa, akanikonyeza na kusema, "Huyu hanywi, lakini adabu ni adabu." Nikacheka, Mshauri. Nilidhani ananiigizia shairi.

Kisha nikaomba kwenda kunawa, nikapita karibu na sauna, na mlango ulikuwa wazi, na ndani, juu ya benchi, lilikuwepo koti la baridi limekalishwa, limefungwa vifungo vyote, limelowa na kuota ukungu, na mbele yake ndoo ya maji na kata yake. Nilikuwa nimelisifu koti lile kwa maneno mengi sana.

Niliporudi jikoni binti yake alikuwa amefika na mifuko ya dukani, mwite Outi, na alipotambua kuwa natoka kikundini hakunipa mkono. Akanieleza, mama yake akisikia, kwamba mama aliungua bega kwenye jiko asihisi, kwamba mara mbili alimuuliza yeye Outi ni binti wa nani, kwamba amemwekea miadi kituo cha afya Alhamisi baada ya kubembeleza tangu theluji ya kwanza, na kwamba kila anapomwambia habari ya daktari mama anamfungulia simu na kumwonyesha mioyo. "Nyie ndio mnaompigia mama makofi akianguka," akaniambia. "Bwana, angekuwa anatembea mkamsifu hivyo?"

Tuovi ndiye aliyejibu, na aliongea vizuri kabisa siku hiyo, bila kupotea, na hilo ndilo linaloniua.

"Miaka tisa nimewaandikia mbetula," alisema. "Mkanipa mioyo mitatu, na wako, Veijo, najua ulikuwa wa huruma. Sasa watu wa Helsinki wananiandikia usiku kucha. Huyo daktari akinitengeneza, ananirudisha kwenye mbetula. Nani atanisoma huko?" Kisha akanishika mkono kwa ule mkono wake ulio hai. "Outi hajui mashairi. Wewe unayajua. Ukiniambia niende, nitakwenda. Ukiniambia nibaki, nabaki."

Nikasema nitafikiri, nikaondoka, Outi akiniangalia kama anayeangalia mtu anayepangusa viatu juu ya kitanda.

Na sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu. Njiani nilisimama kwenye kituo cha mafuta kujaza, na nikajikuta nasubiri kwa hamu aniandike katika shairi, mimi niliyemjia na kikombe. Na kweli jioni hiyo aliandika kwamba mtu mwenye miguu ya theluji alileta sikio la mti, nalo halikusikia kitu. Lilikuwa zuri kuliko yote. Nikampa moyo kabla sijajua kidole changu kimefanya nini.

Mshauri, nikimwambia aende, namnyang'anya kitu pekee ambacho dunia imewahi kumpa, na huenda daktari mwenyewe asiwe na la kufanya, akapoteza vyote viwili. Nikimwambia abaki, basi mimi ni nani? Na nikinyamaza, naona kama hilo nalo ni jibu. Sili, silali vizuri, juzi niliwapa watoto wa shule kitabu cha ufugaji wa nyuki badala ya hadithi na hakuna aliyelalamika. Nifanye nini?

Veijo (si jina langu)

---

Ndugu Veijo,

Majina umebadilisha, lakini mkono wa kushoto hukuubadilisha, kwa hiyo nilikipata kikundi chenu kabla kahawa yangu haijapoa. Simu yako imo kwenye ukurasa wa msimamizi. Nilipiga Ijumaa, nikapiga tena Jumamosi. Hupokei namba usizozijua, kumbe hata kwenye simu una kanuni. Haya, ndiyo maana unasoma hapa mbele ya wilaya nzima.

Kwanza nikupe pole, halafu tuendelee, maana pole yangu haitakutosha na wala hukuiandikia. Umeona jambo baya na umeliona ukiwa umechelewa. Wewe si mwovu. Watu wengi huku kwetu wangekaa kwenye kiti kile, wakaona kikombe cha tatu, wakasema kahawa ni tamu. Tumelelewa hivyo. Mtu akivaa koti kinyumenyume kanisani tunamsogezea kitabu cha nyimbo na kuangalia mbele.

Lakini kanuni yako ya pili, kaka yangu, ni adabu hiyo hiyo iliyovaa miwani. Uliitunga kuzuia umbea wa ndoa ya mtu, ukaitumia kumziba mdomo mtu pekee kati ya mamia aliyemuuliza mgonjwa hali. Unasema mashairi ya Raila ni mabaya. Nimeyasoma, ni mabaya kweli, yule mbwa ana subira. Ila Raila aliposoma kwamba mtu ameingia sauna hakutoka, aliwaza habari ya mtu. Ninyi wengine mliwaza habari ya mstari.

Sasa swali lako. Umeliandika kana kwamba lina pande mbili zenye uzito sawa. Halina. Unajua jibu tangu mlangoni mwa sauna, na unachoniomba mimi ni ruhusa ya kuumia ukilitoa. Ruhusa unayo. Utaumia.

Mimi si daktari, na wewe pia si daktari, na hilo ndilo jambo la kwanza la kweli utakalomwambia Tuovi. Mwambie kwamba amemuuliza mtu asiye sahihi. Mwambie unayajua mashairi na hujui lolote kuhusu mkono uliokufa ganzi, na kwamba mtu anayejua anakaa kituo cha afya. Usimwambie kwamba mashairi mapya ni mabaya, maana atajua unadanganya, na akikukamata na uongo mmoja hatakwenda popote. Ni mazuri. Lile la sikio la mti nililisoma nikaliacha jikoni, nikatoka nje kuleta kuni ambazo sikuzihitaji. Mwambie hivyo hivyo kwamba ni mazuri, na kwamba yanakutisha, na kwamba ungependa awe hai kuliko kuyasoma mengine kumi. Kama sentensi hiyo ya mwisho haiwezi kutoka kinywani mwako ikiwa ya kweli, kaa ndani ya gari mpaka iweze.

Anakuuliza nani atamsoma huko kwenye mbetula. Hilo ndilo swali zito, na hapo sina dawa ya kukupa. Mmemfundisha kwamba akiwa mzima hana msomaji. Mlimfundisha polepole, kwa mioyo mitatu, miaka yote hiyo, kwa maneno mema mliyoyaandika bila kusoma hadi mwisho kwa sababu kanuni ya kwanza ilitaka neno jema, haikutaka macho. Ukimwahidi kwamba watu wa Helsinki watabaki, utakuwa umemdanganya. Hawatabaki. Mwahidi mtu mmoja tu, na uwe wewe, na utimize hata akirudi na mti ule ule mpaka mwisho wa maisha yenu.

Huenda daktari akasema wamechelewa. Sikufichi. Huenda asiweze kumrudishia mkono wala mbetula, na mashairi yakaendelea kuja, kila moja fupi kuliko lililotangulia, mpaka siku moja likaja tupu na mtu fulani kikundini akalisifu kwa ujasiri wa ukimya wake. Siku hiyo usimpe moyo. Ingia garini uende.

Leo ni Jumanne. Mpigie Outi leo, umwombe radhi kwa maneno machache, na umwache akufokee hadi achoke. Mrudishie Raila maoni yake uliyoyafuta, pale pale yalipokuwa, na chini yake uandike kwamba swali lilikuwa la haki. Alhamisi usiende na gari la maktaba, nenda na lako, ukakae naye kwenye benchi la kusubiria upande wake wa kushoto, maana ndio upande ambao hana mtu. Lile koti mtolee kutoka sauna, ila umwombe ruhusa kwanza. Yeye alimwachia mtu huyo maji.

Na jambo la mwisho. Nilirudi nyuma kwenye kurasa zenu nikamsoma Tuovi tangu mwanzo, mashairi yote ya mbetula, jambo ambalo nadhani hakuna kati yenu aliyewahi kulifanya. Liko shairi la majira ya baridi aliyofiwa na mumewe. Lina vina vyake vyote, lina jani pale ambapo pasingekuwa na jani, na lina mstari mmoja unaosema ameshona kifungo cha koti la marehemu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa unatetemeka. Mioyo mitatu, mmoja wako. Si shairi zuri, Veijo. Lakini lisome tena kabla ya Alhamisi, polepole, hadi mwisho. Aliyeliandika alijua mkono ule ni wa nani.

Saimi