Kocha Nermin Hajafukuzwa Bado

Jumapili, 1 Juni 2025

Tumefungwa tano bila! Tena na wale Wakongo wa mji jirani, Saint Paul, wahamiaji kama sisi, ambao kipa wao ana tumbo kunizidi mimi. Nilikuwa kwenye kiti changu cha kukunja, kazi yangu ileile: kulinda maji na kumtukana refa kwa Kiswahili.

Baada ya mechi Godlisten, mwenyekiti wa timu, kanivuta nyuma ya gari lake. Kamati imekaa. Kocha Nermin aondoke, aje Alfred, yule nesi Mkenya. Nani atamwambia? Eti mimi. "Mzee, wewe ndiye uliyemleta. Halafu una maneno."

Maneno! Darasa la saba, tena la kusukumwa. Watu wana digrii mbili mbili, kumwambia mtu mmoja "basi" wanatafuta babu wa miaka sabini na nne.

Jumatatu, 2 Juni

Sijaenda. Nimesema goti linauma. Goti liko salama kabisa.

Jumanne, 3 Juni

Sijaenda tena. Nimechoka na kazi ambayo sijaifanya.

Nermin nilimkuta miaka mitatu iliyopita, hapa hapa Apple Valley, anapiga krosi peke yake kwenye goli tupu na viatu vya kazini. Ghala zima la mabomba anapanga yeye, na bado ana nguvu za krosi! Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi — tukaelewana siku ileile.

Kwao Bosnia alikuwa winga wa kushoto. Picha amenionyesha mara mia: miaka kumi na tisa, nywele za kike, bukta ya aibu. Kisha vita. Aliporudi uwanjani mbio zilikuwa zimeshakwenda zake. Akahamia Austria, madaraja ya chini, goti likafa. La kwake kweli. Akawa kocha. Timu sita zimemfukuza! Moja ilimtumia ujumbe wa simu yuko kwa kinyozi, nusu ya kichwa bado. Nyingine alijisomea gazetini.

Na yetu ni ya saba.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda. Nimembebea shati la kitenge.

Kwetu huanzi na habari yenyewe. Nikauliza afya. Nikauliza dada yake. Nikamshukuru kwa miaka mitatu, nikasema kazi yake tumeiona, hatutaisahau, nikamvisha shati. Mtu wa kwetu angeshtuka tangu mlangoni — mzee katikati ya wiki, zawadi, shukrani nyingi hivi? Angeuliza mwenyewe: "Mnataka niondoke lini?" Nami nikangoja aulize.

Akachemsha kahawa, ile nyeusi kama lami. Akafuta macho. Akasema timu zote alizopitia, hakuna iliyowahi kumwambia asante.

Analia — basi kaelewa. Nikanywa, nikaaga. Nikampigia Godlisten: imekwisha.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu wangu.

Nermin kapiga simu, anacheka. Kumbe kuna chuo huko Golden Valley walimtaka awe kocha msaidizi. Mshahara, bima, kila kitu! Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu. Kakataa asubuhi. Kawaambia ana timu yake, wazee wake wamemvika nguo.

Nikasema nini mimi? Nikasema, "Vizuri." Mpumbavu mkubwa.

Binti yangu Avelina alikuwa anavaa aende kazini. Akasimama na kiatu kimoja.

"Baba, ulimwambia au hukumwambia?"

"Nilimwambia kwa adabu."

"Nimeuliza ulimwambia?"

Mtoto nimemzaa mwenyewe, anauliza kama hakimu.

Avelina kapiga simu chuoni, awaombe wasimpe mwingine nafasi ya Nermin. Mhusika ameshatoka, mpaka Jumatatu. Kaacha ujumbe.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwomba Godlisten kocha abaki. "Haiwezekani, Mzee. Alfred ameshabadilisha shifti zake. Na si ulisema imekwisha?"

Nimempigia Nermin mara tatu. Mara ya kwanza kanieleza mfumo mpya. Ya pili kaniuliza kama naumwa. Ya tatu nimekata kabla hajapokea.

Siku nzima sijala vizuri. Ugali umepoa, nimeuangalia tu.

Jumapili, 8 Juni

Naandika ndani ya gari la Avelina, yeye kwenye usukani, pembeni ya uwanja. Nimejifungia.

Nermin kafika wa kwanza. Kitenge juu ya traksuti, anapanga koni. Kisha Alfred kaingia na mfuko wa mipira. Godlisten naye yuko ndani ya gari lake, hashuki! Ananionyesha kwa kichwa: nenda wewe.

Alfred kamfuata Nermin, wakapeana mikono. Nikafumba macho. Nikafumbua — Nermin anampa koni! Kadhani kaletewa msaidizi. Na Alfred, mtoto wa watu, kazipokea. Anazipanga! Wanazipanga wote wawili, huyu huku, yule kule, Nermin anamsahihisha kwa mkono: sogeza, sogeza kidogo.

Chuo hakijajibu. Wachezaji wanaanza kufika, wanasimama mbali, wanaangalia makocha wawili.

Avelina kazima gari. "Baba, shuka."

"Nashuka."

"Na usimuulize afya."

Nimefungua mlango. Mguu mmoja uko nje. Nermin kaniona, ananipungia koni nije nimwone msaidizi wake —