Kuku wa Miwani

Jumanne, baada ya Isha

Nimemkosea dada yangu. Salma amenipigia simu kutoka Maskati akilia, mumewe amempa talaka, nami huku Kibokoni nilikuwa nachora kuku kwenye karatasi iliyofungiwa mahamri. Nikamvisha miwani, kisha mtandio. Moyo ukatulia, kama unavyotulia kila nichorapo, hata nikacheka.

"Wacheka nini?" akauliza.

"Nakohoa, dada."

Akaniamini. Akaendelea na habari za watoto, nami nikamchorea kuku viatu.

Mwisho akasema, "Ahsante. Wengine wote wanilaumu. Wewe peke yako ndiye unayenisikiza."

Sikusikia watoto watabaki na nani. Kesho itanibidi nimuulize, na sijui nitaanzaje.