Gololi Zinazopiga Ukuta

Jumatatu, 10 Juni 2019
Baridi kali hapa mgodini Rustenburg, vidole vinagoma. Bosi wangu, Mzee Modisane, anataka kinu cha kusagia mawe kizunguke kwa kasi zaidi. Platinamu inatoka kidogo, wakubwa wamemjia juu. Nikamwambia mabamba mapya tuliyofunga ndani yana migongo mirefu. Kasi ikizidi, yatazibeba juu mno zile gololi za chuma zinazoponda mawe, zipige ukuta wa kinu badala ya mawe. Ngoja nijaribu kwanza kwenye kompyuta. "Gaone mwanangu," akasema, "basi iambie ijibu vizuri."

Jumanne, 11 Juni
Simulesheni, kinu cha kuigiza ndani ya kompyuta, inakwenda. Maelfu ya gololi, na kila moja inapogongana na nyingine lazima ihesabiwe. Sekunde chache za kinu — siku kadhaa za kompyuta. Bosi anadhani nazembea.

Jumatano, 12 Juni
Shemeji Otsile, mume wa dada, kaja kuota hita yangu. Ndiye fundi wa bolti zinazoshikilia mabamba kwenye ukuta wa kinu. Nikamweleza: ukuta ukipigwa sana bolti hukatika, na huchomoka kwa nguvu za kuua mtu. "Shemeji, unaogopa katuni?" Nikacheka naye. Moyoni sina raha.

Alhamisi, 13 Juni
Kikao. Bosi kawaonyesha wakubwa picha ya kompyuta ya mwaka jana — ya mabamba ya zamani, yaliyolika migongo! Gololi zinaangukia mawe pale panapotakiwa, rangi zinapendeza. Kinu ni kilekile, kasema. Wakaridhika. Nami nimekaa nyuma, mdomo mzito. Nilimfuata mlangoni. Hesabu yako ikiisha utaniletea, kasema. Najichukia.

Ijumaa, 14 Juni
Kasi imeongezwa asubuhi. Kompyuta haijafika nusu. Nimefungua ilipofikia. Gololi zinapanda, zinaruka rundo lote, zinatua ukutani. Moja baada ya nyingine.

Bosi hapokei simu. Chumba cha mitambo wanasema hawapunguzi bila ruhusa yake. Nje kinu kinagonga, chuma kwa chuma. Meza inatetemeka.

Otsile kapiga simu: bolti mbili zinavuja tope, anakwenda kuzikaza. Nikamwambia asisogee mpaka kizimwe. "Nikiulizwa nani kanizuia, niseme katuni?" Sema mimi! Sijui kama alisikia, kelele zilikuwa nyingi.

Nimekimbia. Nimekaa nje ya uzio wa kinu, mlinzi haruhusu mtu kuingia. Kimezimwa ghafla. Wanaotoka wananikwepa macho. Otsile hayumo.

Dada ananipigia. Labda anaulizia nyama ya Jumapili. Sijapokea.