Fungu ya Musomaji Mukali

Kamina, tarehe 19 mwezi wa sita 1999

Kwa yaya yangu mupendwa Kadija, Lubumbashi

Yaya,

Salamu aleikum. Mbele ya yote nakulomba habari ya afya yako. Ule mugongo ilipona? Shemeji Asumani angali anasafiri na biashara yake, ao alitulia sasa nyumbani? Na batoto bote beko namna gani? Siye huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Mutoto wetu Kiza meno yake mbili ya mbele ilianguka, na sasa anakatala kucheka mbele ya bageni. Vita ingali kule ngambo ya Manono na Kabalo. Hapa tunaonaka paka bakimbizi tu benye kufika na magodoro ku kichwa, na ndege ya askari yenye kushuka ku Base. Treni ilifika juzi, njo ilinileteya barua yako pamoja na sabuni. Aksanti sana, yaya.

Lakini mu barua ulinigombeza, na uko na haki. Weye njo ulininunulia hii mashini ya kuandika, na weye njo ulisema kila mwisho wa mwezi nikutumie hesabu ya gazeti yetu, Taa ya Kamina: ile iliingia na ile ilitoka. Nilitii. Na juu franga ya siku hizi inapoteza bei mbele hata haijatoka mu mufuko, tunahesabu byote mu meka, ile kopo ya kupimia unga, maana meka ya leo na meka ya kesho inajaza sufuria ile ile. Sasa unaniuliza: mu mwezi wa ine na wa tano, kwa upande wa matumizi, nyuma ya karatasi na karboni na utepe ya mashini, iko mustari moja: «Fungu ya Musomaji Mukali, meka sita». Unasema, huyu njo nani anakula unga ya mutoto wa mama yangu? Yaya, ulikamata pale pale penye kuuma. Ikala chini nikuelezee, lakini usimusomee shemeji.

Unajua namna kazi yetu inaendaka. Kila jumamosi, siku ya posho, naweka mabenchi mbili pa njia ya gare, kule treni inasimamaka. Muntu analipa kidogo, anaikala, anasoma, anarudisha karatasi, mwingine anaikamata. Mwenye tangazo analipa zaidi. Balobaji ba Kinkondja banalipaka na samaki, minyi naipeleka ku soko nageuza unga. Mu mwezi wa kwanza iliingia meka kumi na moja, ilitoka tisa. Mbili njo tulikula. Nilikuwa naandika mambo mazito: mazungumuzo ya amani, bei ya shaba, mataifa makubwa. Bantu balikuwa banasoma matangazo ya benye kupotea mu vita, banatikisa kichwa, banarudisha. Maandiko yangu minyi ilikuwa inarudi safi kabisa, hata alama ya kidole haiko.

Mu mwezi wa pili nililala na malaria, na ukurasa moja ilibakia bule. Numbi, bibi yangu, mbele alikuwa anafanya paka kazi ya kuniandalia karatasi. Siku ile alikamata mashini akajaza ule ukurasa. Aliandika namna aligawanya samaki moja kwa bantu nane, ine kati yao bakimbizi ba Manono, na kila muntu akalala anazania ni yeye alikula kichwa. Paka ile tu. Sikia, yaya: minyi niko mu kitanda natetemeka, nikasikia kelele ku njia. Nikawaza muntu ameanguka na kinga, magurudumu yote mbili juu. Kumbe bantu banacheka! Pa mabenchi yangu! Miaka mbili niliweka ile mabenchi pale, sikusikiaka muntu kucheka hata siku moja.

Kutoka siku ile Numbi akakuwa na ukurasa yake, anaandika saa ya mangaribi kama minyi niko gare natafuta habari. Mwezi wa tatu iliingia meka makumi mbili na sita. Ulifurahi, njo uliandika «endelea vile, ndugu yangu, kalamu yako inazaa». Nilisoma ile maneno nikakunja barua. Kalamu yangu gani? Bantu balikuwa banafika banauliza: iko wapi ya Mama Kiza? Banapindua ukurasa yangu haraka haraka sawa muntu mwenye kufungua mulango ya jirani. Mama mumoja wa samaki akanisalimia ku soko: jambo, bwana ya Numbi. Minyi! Minyi Djafari, mwenye kushinda bote mu darasa ya mwalimu Kisimba, nakuwa bwana ya Numbi!

Yaya, nakuambia bila kufunika: nilisikia wivu. Si wivu ya bibi kuangaliwa na banaume, ile naijua, inapitaka. Hii ilikuwa mubaya zaidi, juu kila mwisho wa mwezi ni mukono yangu mwenyewe njo ilikuwa inaandika mu hesabu namna bibi yangu alinipita. Nilianza kumutafutia makosa. Bukari iko na donge ya unga. Maji haiko. Mbona Kiza hakuoga? Na yeye ananijibu na upole, anarudia ku mashini: ta, ta, ta, ta. Ile sauti ilikuwa inanipiga mu meno.

Sasa sikia bujinga ya ndugu yako. Mwanzo ya mwezi wa ine nilikamata karatasi, nikaandika na herufi kubwa, sawa ile banaandikaka ku sanduku ya mizigo, na nikaitia mu kasha ya barua pa mabenchi. Nilijiita Musomaji Mukali. Nilisema: huyu mwanamuke hana haya? Bantu banakufa na vita, yeye anachekesha bantu na samaki? Arudi ku jiko, aachie kalamu benye kuijua. Nilijua atalia, ataacha, na minyi nitamufariji na maneno muzuri.

Numbi alisoma ile barua akisimama, anatafuna muhogo. Halafu akacheka mupaka akashika mulango. Akaita: Baba Kiza, kuya uone, nimepata adui! Akaipiga yote mu mashini, neno kwa neno, na chini yake akajibu. Akasema muyomba wake mwenyewe, ndugu ya mama yake, alikimbia Manono na kiatu ya mguu moja, na ule muyomba njo wa kwanza kucheka ile kiatu. Kama Musomaji Mukali anakataza kicheko, aende kumukataza muyomba, iko bado na ile kiatu moja ya kumutupia.

Posho ile, karatasi haikutosha. Bantu balikuja na kinga kutoka Base, kilometa yote ile, juu ya kusoma bugomvi. Mabenchi iligawanyika: hawa ba Numbi, hawa ba Musomaji Mukali. Nikaandika tena, mukali zaidi. Akajibu tena, muzuri zaidi. Mwezi ule iliingia meka makumi tatu na munane. Nilijifunga na kamba yangu mwenyewe.

Na kisha, yaya, kitu ingine ikaanza, na hii njo inanikosesha hata usingizi. Siku ya kujibu, Numbi alikuwa anafunga kitenge yake ya sikukuu. Anasonga bukari, halafu mwiko inasimama mu sufuria, anatabasamu peke yake. Namuuliza: unacheka na nani? Anajibu: na adui yangu. Kila asubui anafungua kasha ya barua mbele hata ya kunisalimia. Siku moja alisema: hata ananitukana, huyu muntu iko na kidonda fulani, na anajua kuandika. Yaya! Miaka munane ya ndoa hajaniambia siku moja kama minyi najua kuandika! Nikaanza kumuchukia ule mwanaume. Najua, hakuna mwanaume. Ni minyi. Lakini nilimuchukia kabisa kabisa, na nilikuwa natia mu barua matusi makali zaidi juu Numbi naye amuchukie. Hakumuchukia. Alisema: leo alilala vibaya, masikini.

Kisha akaniambia kama haki ni haki: barua ya huyu muntu inaleta wasomaji, basi na yeye apate fungu yake. Meka sita kila mwezi, tuweke pembeni mupaka atajitokeza. Ningekatala na sababu gani? Niliandika ile mustari mu hesabu nikifunga meno. Mufuko ilikuwa pale mu pembe ya nyumba, inanikazia macho kila nikiingia.

Mu mwezi huu, posho ya kwanza, Numbi aliandika mu gazeti: Musomaji Mukali afike nyumbani jumapili, siku ya mungu, tukule samaki na achukue fungu yake. Nilifurahi ndani ya roho. Niliwaza: hakuna muntu atafika, tutakula, kisha nitasimama niseme ni minyi, tutacheka, na mambo itaisha pale. Nilichana hata nywele.

Siku ya mungu samaki iko ku meza, hodi ikapigwa. Akaingia Gamaliel, fundi wa kushona nguo ku Base, ule anakujaka kila posho na kinga nyeusi na anasomaka mupaka tunamunyanganya karatasi. Alivaa shati ya pasi, lakini shati ilikuwa pana na yeye alikonda ndani yake. Akaangalia chini, akasema: Mama Kiza, ni minyi.

Nilisimama na sahani mu mukono. Niseme nini? Muongo weye, Musomaji Mukali njo minyi? Mbele ya bibi yangu? Nikamuvutia kiti. Akakula samaki yangu. Akasema na Numbi juu ya ukurasa hii na ukurasa ile, banacheka, minyi natoa mifupa mu sahani sawa mugeni. Na wakati wa kwenda, nilimusaidia mwenyewe kufunga meka kumi na mbili ku kinga.

Alipotoka tu, nilimuambia Numbi yote. Yote, yaya, hata herufi ya sanduku. Hakukasirika. Ingekuwa heri akasirike. Alipangusa mikono, akaniangalia na huruma, akasema: Baba Kiza, usiniibie hata adui yangu. Nikaapa kwa jina la mama yetu. Njo akasema: muzuri. Kama ni weye, uliniuliza mu barua ya mwisho kama namuogopa bwana yangu. Nilikujibu nini?

Yaya, ile ukurasa niliisoma mupaka pale aliandika juu ya bwana yake mwenye kuchana nywele mbele ya kwenda kuona kama bantu banasoma maandiko yake. Bantu pa mabenchi balikuwa banacheka, njo nikaitupa. Jibu ilikuwa chini. Nikasema: ulijibu kama humuogopi muntu. Akatikisa kichwa.

Pale pale Gamaliel akarudi, alisahau pompo ya kinga. Numbi akamuuliza ile ile, pa mulango. Na yeye, bila kuwaza, akasema: ulijibu kama humuogopi. Unamungojea. Unangojea siku atasoma ukurasa yako mupaka mwisho.

Numbi aliingia, akainama chini ya meza. Alimupa pompo yake, kisha akanigeukia, na minyi sikukuwa na pa kuweka uso. Mupaka leo sijui kama aliamini barua ilikuwa yangu, na naogopa kumuuliza.

Basi njo ile fungu, yaya. Gamaliel sasa anaandika barua ya kweli, na bantu banasema Musomaji Mukali aliongeza akili. Mwezi huu, mupaka leo, iliingia meka makumi ine na moja. Ilitoka kumi na mbili, pamoja na sita yake. Usiikate ile mustari, nakulomba. Iache.

Nisalimie shemeji, batoto, na jirani bote benye kutukumbuka. Kiza anakusalimia na anakulomba peremende. Numbi anakusalimia sana. Na Gamaliel naye anakusalimia; eko hapa pa benchi, anasoma ukurasa ya leo, na Numbi aliniambia nisisahau kutia salamu yake. Nimeitia.

Ndugu yako mudogo mwenye kukuheshimu,
Djafari