Magoti Kifuani

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu umetulia. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na ukoo mzima.

Jana nilimpeleka mwanangu Jenerali kliniki. Alipoona sindano akalia kwa hasira zile zile, midomo ikageuka rangi. Nikamkunja magoti kifuani kama ulivyonifundisha, akatulia. Daktari akaweka kalamu chini. “Nani amekufundisha hivyo?” Nikajibu kwa majivuno kwamba kwetu kila mtu anajua kumkunja mtoto wa hasira.

Akauliza, “Kwa nini kwenu kila mtu anajua?”

Kisha akanieleza, mama. Si hasira. Moyo wake una tundu, na mshipa wa kwenda mapafuni ni mwembamba. Kukunjwa humpa nafuu tu, hakumponyi. Itabidi apasuliwe. Akauliza kama mimi na mume wangu ni ndugu. Nikamwambia ni mtoto wa shangazi. Na wazazi wangu? Binamu pia. Anasema wengi waliooana hivyo huzaa watoto wazima, ila hatari huongezeka, na zaidi ukoo ukirudia kizazi baada ya kizazi.

Mama, mdogo wangu asiolewe na shemeji yangu. Nakuomba.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu haujambo, unauma ukikumbuka tu. Mpe pole mjukuu wangu.

Ukoo huu una hasira, hauna mioyo mibovu. Mimi na baba yako ni binamu na nimekuzaa wewe. Una kasoro gani zaidi ya mdomo? Tangu lini dobi wa mashuka ya hoteli kama wewe akawa daktari? Damu ni nzito kuliko maji. Harusi ni mwezi wa tano, na shangazi yako, ambaye ni mama mkwe wako usisahau, ameshashona mapazia. Nikamwambie nini wifi yangu? Kwamba wanawe hawafai?

Mdogo wako usimwambie lolote. Anafurahi.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Wale wawili waliotutangulia, uliokuwa ukisema Mungu aliwapenda zaidi, nao mliwakunja? Jibu hilo tu. Kisha kamuulize bibi alifundishwa na nani.

Mwanao

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Nikipiga simu naambiwa umelala. Saa nne asubuhi, wewe? Mume wangu ananiambia niache kuchokonoa. Kazini nimeunguza shuka, nilikuwa nawaza harusi. Jenerali atapasuliwa mwisho wa mwezi. Kama mmeshaozesha, niambie tu, nijue.

Mwanao

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nakukasirikia, kisha nikaogopa.

Tuliwakunja, wote wawili. Wa pili alinifia mikononi magoti yakiwa kifuani, nami nikadhani sikumkunja vizuri. Miaka yote hii nimedhani hivyo.

Nilimfuata bibi yako uani, anaota jua, mdogo wako anamkata kucha. Nikauliza nani alimfundisha. Mama yake. Na yeye? Mama yake pia. “Umewakunja wangapi, mama?” Akaanza kuwataja. Alipofika kwa wangu nikamwambia inatosha, lakini hakuacha, akaingia kwa wa dada zake.

Mdogo wako aliendelea kukata kucha mpaka kidole cha mwisho. Akafuta mkasi, akasema, “Mama, mimi siolewi humu.” Akaenda mwenyewe kumwambia mchumba wake. Walilia wote wawili, maskini. Wanapendana kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Shangazi yako naye alinipita sokoni kana kwamba mimi ni nguzo.

Leo asubuhi kaja. Kasimama mlangoni. “Wifi, umemnyima mwanangu mke.”

Nikamwambia, “Nimemnyima kaburi.”

Nilidhani atanipiga. Badala yake akauliza mjukuu wetu anapasuliwa lini. Nikamwambia Jumanne. Akauliza kisu kina ukubwa gani. Mimi nitajuaje?

Naandika yupo hapa. Amekataa chai, amekataa kiti, na kuondoka pia amekataa.

Mama yako